Kimbunga kilikuwa na nguvu gani pale kwako? Namna ya kupata jibu lisiloyumba

Hapa Bay County, Florida, ukitaka kuchelewa kazini taja jina la kimbunga Michael kwenye foleni ya mafuta. Mmoja atakwambia kilikuwa daraja la 5, la juu kabisa, na ana karatasi ya serikali kuthibitisha. Wa pili atauliza daraja la 5 gani hilo, mbona kibanda chake cha zana hakikutikisika. Wa tatu, mzee wa siku nyingi, atawanyamazisha wote: yeye alipitia Opal mwaka 1995, na Opal ndicho kilichokuwa kimbunga.

Mimi kazi yangu ni kuezeka. Baada ya Oktoba 2018 nilipanda juu ya mapaa ya watu wa aina zote tatu, na kwa nilichokiona kule juu, wote walikuwa wanasema kweli. Wanabishana kwa sababu wanajibu maswali tofauti wakidhani ni swali moja. Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu mnaoishi huku ukanda wa Ghuba ya Meksiko, maana siku mkaguzi wa bima akisimama mlangoni, “daraja la 5” haitakusaidia kitu. Atakayesaidika ni yule anayeweza kueleza ni upepo gani na maji gani yalifika kwenye ukuta wake, saa ngapi, na kipi kilitangulia.

Namba ya serikali inasema nini

Michael kiliingia nchi kavu tarehe 10 Oktoba 2018, mchana wa saa sita na nusu hivi, karibu na Mexico Beach na kambi ya jeshi la anga ya Tyndall. Siku ile Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilikadiria upepo wa maili 155 kwa saa, kama kilomita 250, yaani kilele cha daraja la 4. Aprili 2019, baada ya kupitia upya vipimo vya ndege, rada na ardhini, wakapandisha hadi maili 160. Daraja la 5 linaanzia maili 157. Hivyo ule ubishi wote wa miezi sita, uliowafanya watu wazima wanuniane kanisani, ulikuwa wa maili tano, wakati makadirio yenyewe ya kimbunga kikubwa kama kile yanaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia kumi hivi. Na haikuwa mara ya kwanza. Andrew, kilichoivunja Florida ya kusini mwaka 1992, kilibaki daraja la 4 kwenye vitabu mpaka Agosti 2002, ndipo kikapandishwa.

La kwanza la kujua: namba ya serikali ni wastani wa upepo wa dakika moja, mita 10 kutoka ardhini, mahali pasipo na miti wala nyumba, tena kwenye sehemu ile moja ambako kimbunga kizima kilikuwa kikali kuliko kwingine kote. Uwezekano kwamba sehemu hiyo ni uani kwako ni mdogo sana. Upepo unaotajwa kwa mkupuo ni hesabu nyingine tena: pale Tyndall kipima upepo kilinasa mkupuo wa maili 139 kwa saa, na kuna watu waliushika huo kama ushahidi kwamba daraja la 5 ni uongo. Mkupuo wa sekunde chache uliopimwa kwenye nguzo moja hauwezi kulinganishwa na wastani wa dakika moja uliokadiriwa mahali pengine, na vipima upepo vina tabia ya kuzimika au kuvunjika hasa pale upepo unapokuwa mkali zaidi.

La pili: tangu mwaka 2010 madaraja ya Saffir na Simpson, yaani haya ya 1 hadi 5, yanahesabu upepo peke yake. Maji hayamo. Katrina mwaka 2005 kilipotua kilikuwa daraja la 3, na bahari ikapanda hadi futi 28 katika pwani ya Mississippi. Ike mwaka 2008 kilikuwa daraja la 2, kikafagia rasi ya Bolivar kule Texas. Ukisikia mtu anasema “ni daraja la 2 tu,” muulize nyumba yake iko futi ngapi juu ya bahari.

Na la tatu, ambalo mafundi tunalijua kwa mikono: msukumo wa upepo haupandi sambamba na kasi, unapanda kwa mraba wake. Kutoka maili 155 hadi 160 msukumo unaongezeka kwa asilimia sita na nusu tu. Paa lililoshindwa na moja lingeshindwa na nyingine. Lakini kutoka maili 110 hadi 155 msukumo unakaribia mara mbili. Tofauti kubwa kama hiyo ilikuwepo kati ya vitongoji vya wilaya hii hii, saa ile ile. Huko ndiko kwenye ubishi wa maana.

Anza kwa kujua ulikuwa upande gani wa jicho

Hili watu wengi hulipita, na ndilo linalofafanua nusu ya mabishano. Kwenye nusu ya kaskazini ya dunia upepo wa kimbunga huzunguka kinyume cha mshale wa saa, na mwendo wa kimbunga chenyewe hujumlishwa upande wa kulia wa njia yake. Kulia ndiko upepo unakozidi, na kwa pwani yetu ndiko bahari inakosukumwa kuja nchi kavu. (Mwenye ndugu Msumbiji au Mtwara ageuze: kusini mwa ikweta mzunguko ni wa upande mwingine, na ubaya huwa kushoto.)

Huhitaji dira kujua ulikuwa wapi. Kimbunga kikija kutoka kusini, aliye kulia mwa njia yake ataona upepo unaanza mashariki, unageukia kusini-mashariki, kisha kusini. Aliye kushoto ataupata kutoka kaskazini-mashariki, kisha kaskazini, umalizie kaskazini-magharibi. Aliyepitiwa na jicho, yaani kitovu cha kimbunga, atapata utulivu wa ghafla, pengine hata anga jeupe, kisha upepo unarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Huyo ana ushahidi mzuri kuliko wote, mradi aseme utulivu ulianza lini na ulidumu muda gani.

Tatizo ni kwamba ukimuuliza mtu aliyejificha bafuni na watoto “upepo ulitoka upande gani?” atakwambia pande zote. Muulize kwa kuta. Kuna mama mmoja Mkenya wa Lynn Haven, anayefanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, ambaye alishikilia kwamba hakumbuki kitu.

“Mama, kelele zilianzia ukuta upi?”

“Wa jikoni. Nilisikia sufuria zikianguka, nikahamisha watoto.”

“Mkahamia wapi?”

“Korido. Halafu baadaye dirisha la chumba changu ndilo likaingia ndani, kaka, na hilo liko upande mwingine kabisa.”

Jikoni kwake kunatazama kaskazini-mashariki, chumba chake kaskazini-magharibi. Bila kujua, alikuwa amenipa ramani: alikuwa kushoto mwa njia ya jicho, ndani ya ukuta wa jicho, ule mduara wa upepo mkali unaolizunguka, na upepo ulimgeukia vilevile kama unavyotarajiwa kwa mtu wa Lynn Haven au Panama City. Jamaa yake wa Mexico Beach alipata mambo mengine kabisa, kwa sababu kule bahari iliingia. Na rafiki yao wa Panama City Beach, maili chache tu upande wa magharibi, alipoteza vigae kidogo na umeme. Wote watatu husema “nilikuwa kwenye Michael.”

Kuwa mwangalifu na saa. Mexico Beach inatumia saa za kati, Port St. Joe jirani yake inatumia saa za mashariki, na simu zilikuwa zinarukaruka kati ya minara iliyobaki hai. Nimesikia majirani wakibishana kama maji yaliingia saa sita au saa saba, kumbe wanasema dakika ile ile. Andika saa na uandike ni saa za wapi. Kama sisi wenyewe tunahesabu saa kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya mkaguzi weka ya Kimarekani, usimpe kisingizio.

Kuhusu mlio wa treni: kila mtu aliusikia. Upepo wa kasi ile unaokatiza kwenye nyaya, miti na mapaa hulia hivyo, kwa hiyo mlio peke yake hauthibitishi kwamba kimbunga cha mkunjo (tornado) kilipita mtaani kwako. Angalia mabaki. Miti ikiwa imelala yote upande mmoja, ni upepo wa kunyooka. Ikiwa imelala kwa kukutana katikati, au njia nyembamba imeharibiwa na pembeni mwake pako salama, hapo una hoja.

Soma paa kabla hujafunika turubai

Najua unataka kufunika. Mvua inakuja, sebule imeloa. Funika, lakini kwanza piga picha: nyumba nzima kutoka pembe zote nne, kisha kila upande wa paa, kisha ukaribie. Usipande mwenyewe kama hujazoea. Baada ya kila kimbunga watu huumia na hufa kwa ngazi, misumeno ya mashine na moshi wa jenereta, mambo ya baada ya upepo. Picha ya kutoka juu ya gari la mizigo la jirani inatosha.

Kosa la kawaida ni kutazama tundu. Tazama misumari. Kama kigae kimeondoka na msumari umebaki umesimama kwenye plaiwudi, kigae kilipasuka kupitia kichwa cha msumari: upepo ulikuwa mkali, au kigae kilikuwa kizee na gundi yake imekufa. Kama msumari umeng'oka pamoja na kigae, mbao chini ilikuwa imeoza au msumari ulikuwa mfupi. Kama plaiwudi nzima imeruka, ingia darini na tochi uangalie kenchi. Mara nyingi nimekuta mistari ya misumari inayong'aa kando ya kenchi, haijawahi kuigusa mbao hata siku moja. Plaiwudi hiyo ilikuwa imekaa kwa uzito wake na kwa baraka. Isingehitaji daraja la 5.

Kenchi yenyewe ikiwa imetoka ukutani, tafuta kilichokuwa kinaishika. Nyumba za zamani zimepigwa misumari ya mshazari tu. Za baadaye zina mikanda ya chuma, na mkanda uliokatika au kunyooka ni ushahidi mzito. Uhifadhi kwenye mfuko, uandike ulitoka kona gani. Kona, kingo na mgongo wa paa hunyonywa kwenda juu kuliko katikati, hivyo kona iliyoondoka haishangazi. Katikati ikiwa imeondoka na kona zimebaki, kitu kilipitia ndani: angalia mlango wa gereji. Mlango mpana ukishabonyea, upepo huingia na kulisukuma paa kutoka chini huku mwingine unalivuta kutoka juu.

Ndipo ulinganishe, na ulinganishe vya kulinganika. Kanuni mpya za ujenzi za Florida zilianza kutumika jimbo zima mwaka 2002, lakini huku kwetu kaskazini-magharibi tulipewa nafuu: mpaka mwaka 2007, nyumba zilizokuwa zaidi ya maili moja kutoka pwani hazikulazimika kukingwa dhidi ya vitu vinavyorushwa na upepo. Kwa hiyo mtaani unaweza kukuta nyumba ya mwaka 1985 imekuwa kifusi, na ya mwaka 2012 mkabala nayo imepoteza mfereji wa mvua tu. Mwenye nyumba ya pili atasema upepo haukuwa mkali. Nyumba ya kwanza haisemi kitu kuhusu upepo wala ya pili. Zikiwa pamoja ndipo zinasema, kwa sababu unajua upepo ulizidi kiasi kile na haukufika kiasi hiki. Tafuta nyumba mbili za umri mmoja, paa la muundo mmoja, kwenye mitaa miwili tofauti, uone tofauti iko wapi. Usichanganye paa la migongo minne (linaloteremka pande zote nne) na la migongo miwili, maana la migongo minne huvumilia zaidi.

Misonobari nayo inazungumza. Uliong'oka na mizizi unakueleza zaidi juu ya udongo ulioloa kuliko juu ya upepo. Uliokatika katikati ya shina, mti mzima usio na ugonjwa, unazungumzia upepo. Ukienda bara kuelekea Blountstown na Marianna uliona misitu mizima imekatwa kwa kimo kimoja, mbali na bahari, na watu wa huko walikuwa wamezoea kuambiwa kimbunga ni shida ya watu wa pwani. Michael kiliingia Georgia kikiwa bado na nguvu za daraja la 3.

Maji

Mahali ambapo bahari iliingia, kazi yako ya kwanza ni mstari. Maji yakishuka huacha mstari wa tope na takataka ukutani, na mvua ya siku mbili au mwenye nyumba mwenye ndoo huufuta. Mstari wa ndani ya nyumba, chooni au kabatini, ni wa kuaminika kuliko wa nje, kwa sababu nje mawimbi hurusha takataka juu kuliko maji yenyewe yalivyofika. Weka tepu ya fundi ukutani, namba zisomeke, piga picha, kisha pima pia kutoka ardhini nje, siyo kutoka sakafuni peke yake. Nyumba yenye msingi wa futi tatu ikiwa na maji futi nne ndani, maji yalikuwa futi saba. Pale Mexico Beach yalifika kati ya futi 9 na 14 juu ya ardhi. Hapo nyumba nyingi hazikubaki na ukuta wa kupima, watu walipima kwenye nguzo na kwenye ghorofa ya pili ya jirani.

Kisha swali la pesa: upepo au maji, kipi kilitangulia? Bima ya kawaida ya nyumba haigharamii mafuriko, na bima ya mafuriko haigharamii upepo. Baada ya Katrina watu waliobaki na sakafu ya zege tu walizunguka mahakamani miaka kwa sababu hiyo. Mteja wangu mmoja alikuwa na video ya sekunde kumi na moja iliyopigwa na mwanawe kupitia dirisha la ghorofani: barabara kavu, na vigae vya paa la gereji vinaruka. Saa ya video ilionyesha bado maji hayajafika. Kampuni yake ya bima ilikuwa imeshaandika kwamba uharibifu wote ni wa maji; ikabadilisha. Video yenyewe ilikuwa mbovu, imetikisika, na kijana anapiga kelele mwanzo mpaka mwisho. Usifute video kwa sababu tu mtu anapiga kelele. Hifadhi faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye simu, maana ukilituma kwa ujumbe mara nyingi saa yake hupotea.

Simu yako, kama ni ya miaka ya karibuni, huenda ina kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani yake. Pakua programu inayokionyesha kabla ya msimu, na wakati wa dhoruba piga picha ya kioo kila baada ya robo saa ikiwa uko salama. Siku ya kawaida ni milibari 1013 hivi usawa wa bahari. Michael kilipotua, katikati yake palikuwa na 919. Kila mita nane za kupanda kutoka baharini zinapunguza takriban milibari moja, kwa hiyo andika nyumba yako iko juu kiasi gani. Namba ya chini kabisa uliyoipata na saa yake zinaonyesha jicho lilikukaribia lini, vizuri kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kukaa na wengine

Chukua ushahidi wa majirani mapema, kabla hawajakaa pamoja. Wiki ya tatu kila mtu mtaani anasimulia kisa kimoja, cha yule mwenye sauti kubwa. Muulize mtu peke yake, aanze na alichokuwa akifanya: alikuwa anapika nini, nani alikuwa naye, alihama chumba lini. Mambo ya upepo yatajitokeza yenyewe. Andika maneno yake, siyo muhtasari wako. Akisema “maji yalinifika hapa” na kugusa kiuno, pima kiuno.

Yule mzee wa Opal usimbishie, muulize Opal kilimkuta wapi. Kilitua Pensacola Beach kikiwa daraja la 3, magharibi mwetu, kwa hiyo sisi tulikuwa upande wake wa kulia, na bahari ilipanda kwenye fukwe zetu. Kwa mtu aliyekuwa ufukweni Panama City Beach, Opal kilikuwa kibaya kuliko Michael kwa kweli kabisa. Mwache aseme hivyo, andika anwani.

Ukishakusanya, panga kwa saa, siyo kwa ukubwa wa hasara: saa, mahali, upepo ulikotoka, maji yalipofika, kilichovunjika, nani aliona. Ukurasa mmoja. Weka pembeni yake ripoti ya Kituo cha Taifa cha Vimbunga ya kimbunga hicho, ambayo hutoka miezi kadhaa baadaye na mtu yeyote anaweza kuisoma bure. Ofisi ya hali ya hewa ya eneo lako, kwetu ni ya Tallahassee, hupokea picha na taarifa za wakazi. Wapelekee, hasa mistari ya maji na saa za utulivu wa jicho. Bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida inataka tamko la hasara lililotiwa sahihi ndani ya siku 60 tangu tukio. Baada ya maafa makubwa muda huo huweza kuongezwa, lakini usijenge juu ya nyongeza ambayo haijatangazwa.

Msimu unaanza tarehe 1 Juni. Kabla ya hapo zunguka nyumba yako siku ya jua, piga picha paa, darini, mikanda ya kenchi na mlango wa gereji ukiwa mzima, na nakala moja ya picha hizo umtumie ndugu anayeishi mbali na pwani.